Ashindwe na Mshona Sare?

S.L.P. 318,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako. Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na yule kitindamimba wako ameacha kukohoa? Sisi huku ni wazima. Mshono wa tumbo langu umefunga vizuri, na daktari ameniruhusu kurudi kwenye cherehani dukani, nusu siku tu, kuanzia adhuhuri.

Ile mashine ya gemu waliyotuachia wanao haijakaa bure. Nilianza kuicheza nikiwa bado siruhusiwi hata kuinua ndoo. Unaijua ile ya helikopta inayobeba mzigo kwa kamba na kuutua juu ya paa? Aliyeitunga hana huruma. Kijiti cha kushoto kinapandisha, cha kulia kinainamisha, na ukikivuta kwako chombo kinakwenda mbele! Siku ya kwanza niliangusha mizigo kumi na saba mtoni. Siku ya tano nikagundua kosa langu: nilikuwa naukimbiza mzigo. Ukiyumba, unausubiri urudi, ndipo unagusa kijiti kidogo tu, kama unavyogeuza kitambaa chini ya sindano. Nilipoutua wa kwanza katikati ya paa nilipiga kigelegele, hadi jirani yetu nesi akaja mbio akidhani mshono umefumuka.

Sasa sikiliza. Shemeji yako naye akaketi kucheza. Nikamshinda. Kesho yake nikamshinda tena, na yeye anatabasamu tu. Hapo nikaingiwa na wasiwasi. Mtu anaendesha winchi kwenye yadi ya makontena mwaka wa ishirini na saba huu, ashindwe kutua mzigo na mshona sare za shule? Na tangu nitoke hospitali kila mtu humu ndani ananiitikia ndiyo. Hata mchuzi wangu ukiungua unasifiwa. Nikasema moyoni, hapa naachiwa nishinde, kama anavyoachiwa mgonjwa. Raha yote ikaingia shubiri.

Mambo yakazidi. Kidole gumba chake kikafungwa plasta. Nikimwuliza, eti mlango wa gari. Akaanza kuacha mezani chakula chake cha mchana cha kubeba kazini, yeye ambaye anaweza kusahau viatu lakini si chakula. Halafu nesi akaninong'oneza: "Mama, mzee anarudi nyumbani saa saba kila siku. Anafunga mapazia." Unajua mwenyewe akili yangu ilikokwenda.

Alhamisi nikaiacha suruali ya mteja nusu, nikaondoka. Nilifika mlangoni ndipo nikaona mkasi bado uko mkononi. Ndani nikamsikia shemeji yako, kwa sauti laini ambayo mimi sijaisikia tangu anichumbie: "Taratibu, mama. Shuka. Shuka hivyo hivyo, usitingishike..."

Nikausukuma mlango.

Alikuwa peke yake, na mabuti yake ya kazi, jasho linamtiririka, anaubembeleza mzigo. Aliponiona akashtuka, mzigo ukaenda mtoni.

"Usiwaambie wa kazini," ndilo neno lake la kwanza.

Nilimnyang'anya pedi ya gemu nikafungua orodha ya majaribio. Tisini na mawili, yote ya mchana, nikiwa dukani! Kumbe kidole gumba kilichubuliwa na kijiti, si mlango wa gari. Bora lake ni dakika mbili na sekunde kumi na nne. Langu ni dakika moja na sekunde hamsini na mbili.

"Kwa hiyo hukuwa unaniachia?"

"Nikuachie wewe, na majivuno yote hayo?" akafoka. "Winchi inakwenda unakoivuta! Hiki kidude kimetengenezwa na mwendawazimu!"

Tukagombana barabara, mdogo wangu, kwa mara ya kwanza tangu nipasuliwe. Aliniambia nina kelele, nikamwambia ana mikono mizito. Sijui nikuelezeje furaha niliyokuwa nayo. Nilishinda kweli.

Lakini simwamini bado. Jana ameniuliza, kama anayepita tu, kijiti cha kulia ninakishikaje. Nimemjibu ni kipaji.

Msalimie shemeji yangu fundi bomba, wanao wote, na binamu yetu mkunga mkionana. Mama anakukumbuka kila anapoomba. Mungu awalinde mtokapo na muingiapo, na mgongo wako aunyooshe.

Wako akupendaye,
Dada yako, bingwa wa nyumba hii.