Usilaze Watoto Ndani ya Mto

Hassan mwanangu,

Nani alikufundisha kujenga nyumba ndani ya mto? Baba yako, Mungu amrehemu, hakulaza hata mbuzi ndani ya laga, mto mkavu unaosubiri mvua, na wewe umelaza watoto.

Assalamu alaykum. Sisi huku Luiziana, Marekani, ni wazima, alhamdulillahi, ila magoti yangu hayapendi baridi ya mashine wanayowasha ndani mchana kutwa. Nyinyi je? Mkeo Halima amepona kifua? Watoto wanakwenda duksi kusoma Kurani, au wanacheza tu matope? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ni "sawa hooyo, sawa mama," halafu ghafla mtandao unapotea. Barua huwezi kuikatiza. Dada yako Fatuma ataipiga picha akutumie. Kiswahili changu ni cha ngumbaru, lakini utanielewa.

Nyuma ya nyumba ya Fatuma kuna maji, wenyeji wanayaita bayu. Si mto, si ziwa. Ni meusi kama chai iliyolala, miti imesimama ndani yake, na majani ya kijivu yananing'inia kama ndevu za wazee. Siku moja bomba lilikauka, Fatuma akaniambia nichote huko nitawadhe. Nilikataa. Maji yaliyokufa hivi, sijui ni kitu gani kimeozea ndani.

Jirani yetu, bibi mmoja wa rika langu anayeitwa Odette, alikuwa hapo anavua samaki. Mjukuu wangu Sahra akamfasiria maneno yangu. Bibi akacheka, akasema hayajakufa, yana uvivu tu, akatupa jani. Nilikwenda kuswali, na niliporudi jani lilikuwa limesogea, kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Kesho yake tukatupa lingine, likaenda upande wa pili. Nikamuuliza haya ni maji gani yasiyojua kwao.

Akanieleza. Nchi yao ni tambarare kama sinia. Mto wao mkubwa hauna mteremko wa kuukimbiza, kwa hiyo unazungukazunguka, unakula ukingo huu na kutapika udongo ukingo ule. Siku ukifurika unajikatia njia fupi, na ile kona ya zamani inaachwa kando, midomo yake imezibwa na tope. Maji yanabaki humo yakitambaa. Mto ukijaa, au upepo wa bahari ukisukuma, yanarudi kinyume. Ziko bayu nyingine ambazo ni vijito tu visivyo na haraka, lakini hii yetu ilikuwa mto wenyewe, zamani za babu wa babu yake.

Nikamuuliza kama inafurika. Hapo hakucheka. Mama yake alikuwa na nyumba kwenye kona ya bayu. Tufani ilipokuja, watu walikaa barazani wakiangalia mto, wakisema bado uko chini.

"Maji hayakuja kwa mlango wa mbele," akasema. "Yaliingilia jikoni, upande wa bayu."

Mama yake walimkuta darini, ameshafariki. Sahra alifasiri hayo kwa sauti ndogo, nami nikakufikiria wewe.

Maana picha zako nimeziangalia vizuri. Hilo shamba lako hapo chini ya Garissa limepinda kama mundu. Lina kingo mbili, udongo mweusi, nyasi mbichi wakati kwingine kote ni vumbi. Unajisifu kwamba kisima kilitoa maji matamu kabla jembe halijachoka. Maji matamu ya karibu hivyo watu wetu huyachimba wapi, kama si ndani ya laga? Hapo mto Tana ulipita zamani. Aliyekuuzia anajua, ndiyo maana yeye amejenga juu. Unaniambia mto uko mbali, hata sauti yake haisikiki. Uko mbali mbele yako. Nyuma yako je? Wewe umekulia mjini, laga unaijua ikiwa na mchanga tu. Ikiota nyasi unaiita shamba.

Kulima sikukatazi. Panda ndizi, panda tikiti. Matikiti yakisombwa tutalia siku moja. Lakini wale watoto watatu ndani ya kibanda cha mabati, na wingu la deyr, mvua za vuli, linakuja, hapana.

Msalimie Halima, ambaye najua alikuambia haya haya ukamnyamazisha. Msalimie eedo yako Maryan, dada ya baba yako, anayeuza maziwa sokoni, na mwalimu wa duksi. Kaka yangu, mjomba wako abti Noor, mpe salamu zangu mkononi, maana unakwenda kwake.

Ukimaliza kusoma hapa, usisubiri msingi ukauke. Funga mkokoteni wa punda, pakia Halima na watoto na magodoro, uwapeleke kwa abti Noor kule juu kwenye mchanga mwekundu, na mawe ya ujenzi yafuate. Wakifika, anipigie abti Noor. Simu yako sitapokea.

Mimi mama yako,
Dahabo