Kamera ya Gari la Baba

Jumatatu, 3 Machi

Nimemfungia Baba kamera kwenye gari. Fundi kamaliza kwa robo saa — ipo chini ya kioo cha kati, inanasa picha ya mbele na sauti za ndani. Kaka alicheka kwenye simu, eti nampeleleza mzee. Si upelelezi! Gari lina mikwaruzo mitatu mipya na Baba anaapa kagongwa yeye. Miaka thelathini na moja kaendesha ambulensi bila ajali. Nani asimwamini? Nimeifunga imtetee. Mwenyewe kafurahi, kaifuta vumbi ambalo halipo.

Alhamisi, 6 Machi

Ajali! Njiapanda ya sokoni, saa nne asubuhi. Baba mzima. Mwendesha pikipiki kavunjika mkono. Baba kawaambia polisi kwamba jamaa ndiye aliyepita kwenye taa nyekundu, na wamemwamini — askari mmoja aliwahi kubebwa naye kwenye ambulensi. Jamaa kafungwa plasta, kisha moja kwa moja mahabusu. Baba alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili. "Vijana hawa wanawahi wapi?" Nimechomoa kadi ya kamera. Kesho niwapelekee, yaishe.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeitazama. Heri nisingeitazama.

Taa yetu ndiyo nyekundu. Si njano, si ya kubishania. Nyekundu, na Baba hapunguzi mwendo. Halafu sauti yake, laini, ile ambayo sijaisikia siku nyingi: "Mama watoto, funga mkanda basi." Kimya. "Hunisikii? Funga mkanda." Halafu kishindo.

Mama tulimzika mwaka juzi.

Nimerudia mara tano. Kazini kwangu, maabara, naandika kinachoonekana kwenye hadubini, si ninachotaka kukiona. Leo nimetamani upofu.

Kaka: futa hiyo, sema iliharibika, damu nzito kuliko maji. Nikamuuliza, na ile iliyomwagika barabarani ni maji? Kakata simu. Yuko mbali, kazi yake kushauri.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wa mwendesha pikipiki amekuja. Nilijiandaa kwa matusi. Wapi! Alivua viatu mlangoni, akakaa ukingoni mwa kiti, akauliza tu: mume wangu anasema aliona kamera kwenye kioo, ni kweli dada? Nikasema ipo, ila iliharibika. Hivyo hivyo, bila kumeza mate. Akashukuru. Akashukuru!

Baba akatokea chumbani: "Imeharibika vipi? Si mpya ile? Jumatatu tunaipeleka hivyo hivyo, polisi wana mafundi. Njia ya mwongo fupi."

Alimtazama yule mama usoni, hana wasiwasi hata chembe. Hilo ndilo linaloniua — Baba hadanganyi. Mwongo wa nyumba hii ni mimi.

Jumapili, 9 Machi

Sijala. Nimeficha funguo za gari kwenye debe la unga. Baba kazitafuta asubuhi nzima, halafu kasahau anatafuta nini. Kaniuliza mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika kituoni, kwenye benchi la korido. Kadi iko kwenye pochi, nimeifunga kwa kipande cha tishu. Baba kavaa sare yake ya zamani, kaipiga pasi mwenyewe. Kila anayepita anaambiwa: kamera itasema. Mke wa jamaa kaketi mkabala nasi, kapakata bakuli la chakula cha mumewe. Kaka katuma ujumbe: umefuta? Nimeizima simu.

Nikitazama lile bakuli nasema nitaitoa. Nikitazama kola ya Baba, vifungo vyote kafunga hadi shingoni, nasema sitoi. Watamnyang'anya leseni — pengine watamweka ndani yeye. Nisipoitoa, huyu mama atabeba bakuli hadi lini? Nimechoka. Najichukia kwa lolote nitakalofanya.

Upande wake jua limeingia dirishani, linamchoma. Kainuka aje kukaa kwetu. Baba kawahi kuweka kofia yake kwenye nafasi iliyo wazi. "Samahani mwanangu, hapa pana mtu. Mke wangu anakuja."

Yule mama kanitazama. Jumamosi aliiona picha ya Mama ukutani, tena alitupa pole. Nimeinamia daftari.

Askari katuita. Katuita tena. Baba hainuki. Anasema hatuwezi kuingia bila Mama — alikaa naye mbele, kaona kila kitu, shahidi ni yeye.