Kuvu Kwenye Hadubini

Jumatatu, 4 Novemba. Wamaza

Nimefuta madirisha mara tatu kabla ya chai. Maji tena. Gari hili ndilo nyumba yetu na maabara yetu: mbele usukani wa mume wangu, Baba Asha, nyuma sanduku la bati lenye kitanda, meza na hadubini yangu. Siku ya tisa tumekwama. Barabara ya Kabambare inapitika kwa pikipiki tu, nazo zinasukumwa. Godoro limeota madoa meusi. Kitabu cha wagonjwa kimevimba kama mkate. Mvua ya huku haina haya.

Jumanne, 5 Novemba

Nimeziba kila tundu. Vitambaa, plastiki, vipande vya magunia. Hata dirisha dogo la juu nimelipigilia misumari. Baba Asha amepika wali humo ndani, jiko la makaa katikati ya miguu yetu, nguo mbichi zikining'inia juu ya vichwa. Nilijiona mjanja. Jioni kichwa kimeniuma vibaya.

Jumatano, 6 Novemba

Dari linadondosha. Shuka chepechepe.

Kisha hadubini. Nikadhani uchafu. Si uchafu, ni kuvu, imeota juu ya kioo cha lenzi yenyewe. Nyuzi nyeupe, kila uzi unagawanyika mara mbili, halafu mbili tena, wala haugusi mwenzake. Nimeitazama nusu saa nzima nikasahau chai. Nzuri mno, laana hii. Kitu kisicho na jicho kinakula jicho langu.

Ni lenzi hiyo tu inayonionyesha vijidudu vya malale, ugonjwa wa usingizi. Ikifa, mimi ni abiria tu.

Alhamisi, 7 Novemba

Wameletana leo kutoka machimboni: Bahati, mchimba dhahabu, mtu wa Kivu, na mkewe Furaha. Bahati amesinzia akila, kijiko mkononi. Mchana analala, usiku anakesha. Tezi za shingo zimevimba. Wenzake wanasema amerogwa. Jumapili wanampeleka kwa mganga, msituni, mwendo wa siku tatu. Atafia njiani.

Nimetoa maji ya tezi, nikaweka chini ya lenzi. Weupe mtupu. Na bila kukiona kijidudu, hospitali ya Kabambare hawaanzi kumtibu. Furaha amenipa mpaka Jumamosi. Nimeona aibu kumtazama usoni.

Ijumaa, 8 Novemba

Baba Asha alikwenda kuswali, mimi sokoni kununua chumvi. Chumvi ya Mama Zubeda inamwagika kavu, na mvua yote hii! Nikamwuliza anafanyaje. Alinifuata mpaka garini, akaingiza kichwa, akacheka hadi akashika mlango.

"Weye unafunga mayi mu nyumba! Batu babili munapumua humu, muchele unachemuka humu, manguo inakauka humu. Mvua iko inje, mama. Hii mayi iko yenu."

Miaka mitatu ya shule ya maabara, na sikuwahi kuliwaza hilo. Yale maji ya madirishani yalitoka vifuani mwetu. Tumelala tu, tumejaza nyumba mvua. Kumbe mtu ni chemchemi! Nimejipumulia kiganjani kama mwehu, nikatazama kinavyolowa.

Misumari imeng'olewa. Dirisha la juu wazi, tundu la chini wazi, hewa inapita. Jiko na nguo chini ya turubai, nje. Lenzi nimeifuta kwa spiriti, polepole, pumzi nimeibana. Kisha kazi ya Mama Zubeda: makaa yakaushwe tena motoni, yapoe ndani ya sufuria iliyofunikwa, yaingie debeni chini ya hadubini, kifuniko kizungushiwe nta. Ndivyo anavyolaza chumvi yake. "Makala iko na kiu," alisema.

Naogopa. Nimebakiwa na asubuhi moja.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimefungua debe mbele yao. Kioo kikavu! Pembeni kuvu imeacha kovu, katikati safi.

Maji mapya ya tezi. Dakika kumi hakuna kitu. Chembe za damu tu, zimetulia. Halafu chembe moja ikasukumwa. Nyingine. Kitu kikapita katikati yake, kama mjusi anavyotikisa nyasi. Chembamba, kinapiga mkia, kina haraka zake. Subhanallah. Mwanamume mzima aliyebeba mawe mgongoni ameangushwa na hiki.

Nikamwita Furaha atazame. Alitazama muda mrefu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Njo huyu mulozi?"

Nikamwambia ndiye aliyemroga.

Saa nne waliondoka kwa pikipiki kwenda Kabambare, na karatasi yangu kifuani mwa Furaha. Bahati katikati, amefungwa kwa kitenge kwenye mgongo wa dereva asije akasinzia akaanguka. Niliwatazama hadi kona.

Jumatano, 20 Novemba

Manyunyu. Bado tumekwama. Hakuna mgonjwa leo.

Mchana imepita pikipiki kutoka Kabambare. Dereva ni yule yule. Anasema jana alimkuta Bahati wodini akigombana na jirani yake juu ya karata, Furaha akiwaamua.

Nikamwuliza ilikuwa saa ngapi.

"Saa saba ya muchana."

Nimemwuliza mara ya pili: mchana, na hasinzii?