Laga Iliyolazwa

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetufikisha leo. Hujambo wewe, hajambo wifi, hawajambo watoto? Na goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi huku tunapumua, na kwa hilo nashukuru, ingawa hali ya nyumbani si ya kujivunia. Nitafika huko. Nivumilie, wajua mimi si mtu wa kalamu.

Nakuandikia kwa ajili ya kitinda mimba wetu na ile bia yake. Anaomba uionje mara ya pili. Ndilo neno lenyewe, nimelitoa kabla sijalizungusha.

Ya mara ya kwanza nayajua. Ulimkaribisha katika baa yako, mbele ya wateja wako, naye akaja na shati lililopigwa pasi kama bwana harusi. Ukanywa funda moja, ukasema ni maji ya kabichi, ukaimwaga kwenye sinki. Watu wakacheka hadi kushika mbavu. Sikulaumu, maana wote waliokuwepo walisema ilinuka kabichi kweli. Ila jina la Bwana Kabichi lilimfuata mpaka kwa kinyozi, na jirani yetu fundi viatu akawa anamuuliza kila asubuhi kama leo amepika na nyama. Kilichonishangaza ni kwamba yeye aliapa hakuona kasoro yoyote. Nikadhani ni kiburi.

Akapika upya. Ile karakana nyuma ya nyumba aliisugua mpaka ungeweza kulia chakula sakafuni. Safari hii maji ya kimea aliyachemsha sana, sufuria wazi, akisema harufu mbaya hutoka na mvuke, ukifunika inarudi. Ilipomaliza kuchachuka akaiingiza kwenye friji kubwa. Akanieleza kwamba laga, ndiyo aina ya bia anayopika, haina papara, sharti ilazwe kwenye baridi wiki nyingi ndipo itulie. Kila aliyeuliza habari zake alijibiwa kwamba imelazwa. Nami nikamtania kwamba basi tuipelekee uji.

Utakumbuka siku alipokupigia simu. Ulicheka, ukamwambia aifunike blanketi isije ikapata mafua. Kaka, ulisikia "imelazwa". Yeye alisema "nimelazwa". Alikuwa kitandani wodini, na mimi nimekaa pembeni yake. Hakukusahihisha. Alipokata simu alicheka pia, akasema tuone kati yake na bia nani ataruhusiwa kwanza, kisha akageukia ukutani.

Ni kidonda cha ulimi. Daktari anasema kimeshashuka kooni, na habari ya kupona haizungumzwi tena. Wamemruhusu arudi nyumbani kwa kuwa hawana la kufanya. Ulimi ulikuwa umekufa ganzi, na pua nayo imepoteza harufu, tangu kabla ya ile bia ya kwanza. Alipika bila kujua anachopika, akaona haya kusema. Alinikataza nisikwambie, ati utakuja kuisifu kwa huruma. Leo nimemvunjia neno lake, Mungu anisamehe, lakini ningenyamaza ungekuja kwenye matanga bila kujua.

Bia sasa imeamka. Nimeionja mimi, ninayeongoza maombi ya akina mama. Nilisali kwanza, nikafumba macho, nikanywa. Haikunuka kabichi. Ilikuwa safi, chungu kidogo, na baada ya kumeza ikabaki ladha kama ya mkate uliotoka tanurini sasa hivi. Nikamwambia ni nzuri. Akaniambia kwa ile sauti iliyobaki kwamba mimi hata juisi iliyochacha huisifu. Anautaka ulimi wako, kaka, kwa sababu haukumwonea huruma.

Basi njoo. Lakini ukishainywa, tafadhali mwambie kweli. Ikiwa nzuri, mwambie. Ikiwa kabichi, kaza moyo umwambie kabichi, maana uso wako ataujua, na uongo wako ndio atakaoondoka nao.

Wifi na watoto nisalimie sana, kila mmoja kwa nafasi yake. Nijibu upesi, kaka, hata kama ni kusema kwamba huji.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekufuata ziwa.