Pindo la Ndege

Hayes, London
12 Januari 2025

Nyanya mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama ameniambia sasa unapanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono, tukafurahi sana. Sisi hapa ni wazima. Wiki hii Mama yuko zamu ya asubuhi hospitalini, kwa hiyo naamka peke yangu, na sijachelewa shule hata mara moja.

Ulisema hutaki tena tuongee kwa simu kwa sababu ukiniuliza kwa Kiswahili nakujibu kwa Kiingereza, na kwamba kwenye karatasi mtu hufikiri kwanza. Basi nimenunua karatasi. Ukiona makosa, yapigie mstari.

Nina ombi. Tarehe kumi na sita Mei tuna maonyesho shuleni. Kila kikundi kinaunda mfano wa ndege ya zamani, wenye upana wa mita moja, bila injini. Mfano huo utarushwa kwa mpira wa manati kutoka jukwaani. Kikundi ambacho ndege yake itafika mbali kuliko zote kitapelekwa kwenye kiwanja kidogo cha ndege, na kila mmoja atarushwa kweli, kwa ndege ya mafunzo ya viti viwili. Nyanya, ndege za Heathrow zinapita juu ya paa letu tangu nizaliwe, na mimi nimepanda mara moja tu, tulipokuja kwako nikiwa na miaka mitano. Nililala kwenda na kurudi. Nataka sana kupanda nikiwa macho.

Mimi na Hemal, mwenzangu wa darasani, tumechagua ndege ya Wajerumani iitwayo Klemm L 25. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikatazwa kuunda ndege za kivita. Basi wakajifunza kuruka kwa vitu vyepesi: ndege zisizo na injini kabisa, halafu ndege ndogo za michezo. Kabla ya hii yetu ilikuwepo L 20, yenye injini ya nguvu za farasi ishirini tu. Nimepiga hesabu, ni kama bodaboda mbili! Hii L 25 ilifuata mwaka 1928. Ni ya mbao. Mwanafunzi na mwalimu wanakaa mmoja mbele ya mwingine, na mabawa yanang'olewa ili ndege iingie bandani. Baadaye zilitengenezwa hata hapa Hanworth, mabasi mawili tu kutoka nyumbani.

Sasa ombi lenyewe. Mwalimu wetu, Bi Rupinder, ameweka sharti: kila kikundi kiwe na kazi moja ya mikono kutoka kwa mzee wa familia, na jina lake liandikwe kwenye kibao cha maonyesho. Mbavu za mbao tutachonga sisi. Nguo ya kuvika mabawa, naomba utushonee wewe. Vipimo nimevichora nyuma ya karatasi hii.

Mjukuu wako,
Gakii


Nkubu, Meru
2 Februari 2025

Gakii mjukuu wangu,

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani. Goti linanitii asubuhi na kunigomea jioni. Makosa ni manne. Nilitarajia kumi.

Nimeshona sare za shule kwa miaka thelathini na mmoja. Nimevika watoto wa padri, watoto wa chifu, na mama yako Lydia, ambaye alirarua mfuko wa sketi kila muhula. Ndege sijawahi kuivika. Lakini bawa ni nini? Ni mkono mpana usio na vidole. Nitaiweza.

Nimekushonea kwa khaki ile nzuri, nzito, isiyopauka. Mshono ni wa mara mbili, hata uvutwe na ng'ombe hautaachia. Niliposhona, jirani yangu Godson, mchoraji wa mabango, alichungulia dirishani. Akauliza, "Mama Lydia, hiyo suruali ni ya nani, mbona ina mguu mmoja?" Nikamwambia ni ya Mjerumani. Akarudi kwenye mabango yake.

Kuna jambo moja hukuniambia. Hao wanafunzi waliofundishwa kwa ndege hizo, baadaye walienda wapi?

Msalimie mama yako, mwambie avae soksi.

Nyanya yako


Hayes
23 Februari 2025

Nyanya mpendwa,

Shikamoo. Tunamshukuru Mungu kama hujambo. Sisi hatujambo.

Kifurushi kimefika salama. Kitambaa kimetutosha vizuri sana. Hemal pia anashukuru. Mishono ni imara kabisa kama ulivyosema.

Mama anavaa soksi. Baridi imepungua kidogo. Nina mtihani wa hesabu kesho, kwa hiyo naishia hapa.

Mjukuu wako,
Gakii


Nkubu
9 Machi 2025

Gakii wangu,

Hujambo, mama? Na mtihani wa hesabu? Barua yako ilikuwa fupi kama risiti, nikajua ni huo mtihani. Mimi sijambo, na furaha niliyo nayo imeponya hata goti.

Jumapili baada ya misa niliwaambia akina mama wa jumuiya yetu kwamba bawa nililolishona limemtosha Mjerumani. Hawakuamini. Nikatoa barua yako nikawasomea: "Kitambaa kimetutosha vizuri sana." Mama Karwitha, yule anayejiona kwa sababu anashonea kwaya, aliikoroga chai yake mpaka ikapoa.

Basi nimemwita Godson anichoree bango jipya. Rangi ya buluu, herufi nyeupe: SARE ZA SHULE, MAPAZIA NA MABAWA YA NDEGE. Amechora na kindege pembeni. Kinafanana na kuku, lakini si kitu. Watu wanasimama kulisoma.

Nitumie picha ya ndege ikiwa imevaa. Nataka kuitundika chini ya bango.

Nyanya yako


Hayes
22 Machi 2025

Nyanya mpendwa,

Shikamoo. Naomba Mungu goti liendelee kupona hata baada ya kusoma barua hii. Tafadhali keti kwanza.

Nilikudanganya. Kitambaa hakikutosha. Niliona aibu kukuambia wewe, fundi wa miaka thelathini na mmoja, kwamba kazi yako haikukaa. Nilifikiri tutaitengeneza kimyakimya na hutajua. Sasa umechora bango, na siwezi kulala vizuri.

Ilikuwa hivi. Tulipovisha mabawa, kitambaa kilining'inia chini kama shavu la mzee. Tulipokivuta upande huu, kikajikunja upande ule. Tukaenda kuijaribu ndege pale Hanworth, kwenye uwanja wa nyasi uliokuwa kiwanja cha ndege zamani. Hemal akavuta mpira, mimi nikaachia. Ilienda hatua tatu, Nyanya, ikaanguka kama sufuria. Mtu aliyekuwa anatembeza mbwa alituuliza kama tunahitaji msaada.

Tukaipeleka kwa babu yake Hemal, Mzee Kishor. Alizaliwa Kisumu na alikuwa na duka la vitambaa huko kabla ya kuja Uingereza. Aliishika khaki yako kwa vidole viwili tu, akacheka mpaka akavua miwani.

"Nani shona hii?"

"Nyanya yangu, wa Meru."

"Fundi ya sare?"

"Umejuaje?"

Akafunua upindo wa ndani. "Tazama hapa. Vidole vine, yote imekunjwa ndani! Hapa tena! Hii nyanya yako ameacha nafasi. Ndege ikifika darasa la nane, anafungua pindo!"

Ndipo nilipoelewa. Uliiachia ndege nafasi ya kukua.

Hemal anasema tutumie karatasi nyembamba ya plastiki, ile ya kufunikia nguo kwa dobi. Ni nyepesi na itaruka. Lakini hapo jina lako litatoka kwenye kibao, atie jina la babu yake, ambaye atatufundisha kukata. Nimemwomba asubiri. Sijui nimwambie nini.

Uliuliza wanafunzi walienda wapi. Nimesoma. Wengi waliendelea kuruka kwa furaha, vilabuni na mashindanoni. Lakini vita vya pili vilipokuja, wengi waliojifunzia ndege ndogo kama hizi waliwekwa kwenye ndege za kivita. Nilihuzunika, kwa sababu ndege yenyewe ilikuwa mpole.

Nisamehe.

Mjukuu wako,
Gakii


Nkubu
27 Aprili 2025

Gakii,

Hujambo. Mimi mzima.

Barua yako ilikaa chini ya cherehani wiki tatu. Wiki ya kwanza nilikasirika kwa ajili ya uongo. Wiki ya pili nilikasirika kwa ajili ya Mama Karwitha. Wiki ya tatu nikachukua rula na mchoro wako, nikapima upya, na niliposoma tena pale pa darasa la nane nikacheka peke yangu dukani mpaka mteja akasema atarudi kesho.

Ni kweli. Mkono wangu umezoea. Mzazi ananunua sare moja, mtoto anaivaa miaka mitatu, basi mimi hukunja vidole vinne bila hata kufikiri. Nimeivika ndege kama mtoto wa darasa la kwanza. Lakini mchoro ulikuwa mbele yangu, na ulisema wazi. Kosa ni langu. Lako ni lile la kunificha. Mteja asiponiambia nguo inampwaya, nitajifunza lini? Usirudie.

Sasa sikiliza kwa makini, muda ni mfupi. Barua hii na kifurushi nimempa Annonciata, mke wa jamaa yetu Linus, aliyekuja kuwaona wakwe. Anarudi London Alhamisi. Nenda ukakichukue kwake Barking.

Ndani kuna bitana ya koti. Ni nyepesi, hata ukiipuliza inainuka. Nimeikata sawasawa na mchoro, bila upindo wowote. Ilikuwa vigumu, mkono ulikuwa unakunja wenyewe.

Usiivute kwa nguvu. Pika unga wa muhogo na maji mengi, uwe uji mwepesi kuliko wa mgonjwa. Uchuje. Chovya bitana, kamua kidogo, ivike kwenye mbavu ikiwa mbichi, bandika kingo kwa uji huohuo. Halafu iache. Usiishike, usiiweke karibu na moto, ikauke polepole. Wanga ukikauka unavuta kitambaa wenyewe. Ndivyo tulivyosimamisha kola za mashati ya walimu kabla ya nailoni kuja. Ukiigonga kwa ukucha, ilie kama ngoma ndogo.

Bango sijalishusha. Nimemwambia Godson asitie vanishi bado.

Nyanya yako


Hayes
18 Mei 2025

Nyanya mpendwa,

Shikamoo, shikamoo, na mara ya tatu shikamoo. Natumaini umeketi, ila safari hii ni kwa sababu nzuri.

Annonciata alitulisha ndizi kwanza ndipo akatupa kifurushi. Uji wa muhogo tulipika mara mbili. Wa kwanza Hemal aliuonja akaukosoa, na ulikuwa na mabonge. Wa pili ulifaa. Tuliacha mabawa mezani siku nzima, Mama akala chakula akiwa amesimama kwa sababu nilikataa mtu aguse meza. Jioni niligonga kwa ukucha. Ililia, Nyanya! Nikamwita Hemal kwa simu nikaigonga tena ili asikie.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Vikundi vilikuwa tisa. Kimoja kilikuwa na ndege inayong'aa kama gari jipya. Ilipanda juu, ikageuka, ikarudi jukwaani kumtafuta mwenyewe. Iliyotutangulia ilifika mita kumi na nane, watu wakashangilia, nami nikajua tumekwisha.

Hemal alivuta mpira. Mimi niliachia sawa. Haikwenda kwa kasi. Ilikwenda taratibu, kama mtu asiye na deni wala haraka. Ikapita mita kumi. Ikapita kumi na tano, na nilidhani inashuka, kumbe inateleza tu. Mzee Kishor alisimama kwenye kiti, akapaza sauti, "Enda, mama, enda! Usifungue pindo!" Ikagusa piano iliyo mwisho wa ukumbi. Mita ishirini na mbili na nusu. Haikuweza kwenda mbali zaidi kwa sababu ukumbi uliisha.

Bi Rupinder aligonga bawa kwa ukucha, akauliza ni gundi gani ya dukani tuliyotumia. Nikamwambia ni uji. Akasoma kibao kwa sauti, mbele ya wazazi wote: "Mabawa yameshonwa na Bi Venanzia Karambu, fundi wa sare, Nkubu, Meru." Mama alilia kidogo, akasingizia mafua.

Tutarushwa tarehe ishirini na nane Juni, mimi kwanza, Hemal baadaye, kwa sababu tumerusha sarafu. Picha iko ndani ya bahasha. Mwambie Godson atie vanishi.

Mjukuu wako aliye macho,
Gakii


Nkubu
8 Juni 2025

Gakii wangu,

Hujambo, mama, na Hemal hajambo, na mzee wa kusimama kwenye viti hajambo? Mwambie duka langu lina nafasi ya mtu anayejua vitambaa.

Vanishi imetiwa. Picha iko chini ya bango, ndani ya nailoni. Mama Karwitha alikuja kuitazama, akaizunguka kana kwamba angeona upande wa nyuma. Akaniuliza mabawa yalishonwa kwa mshono gani. Nikamwambia ukweli wote, pamoja na ile khaki na vile vidole vinne, kwa sababu nilikugombeza kwa kuficha. Alicheka sana. Halafu akaniomba nimfundishe ule wanga, kwa ajili ya kola za kwaya.

Kosa kwenye barua yako ya mwisho ni moja. Sikuambii lipi.

Ile khaki uliyonirudishia pamoja na picha sikuitupa. Nimeiunga na khaki nyingine, nikakushonea ovaroli ya kupandia ndege, ina mifuko minne, na mmoja una kifungo, uweke leso. Mama yako alinipa vipimo vyako vya mwezi huu. Miguuni na mikononi nimekunja vidole vinne. Safari hii nilifikiri kwanza.

Mishono ni ya rangi mbili. Wa kahawia usiuguse, ndio unaoishikilia nguo. Wewe ukirefuka, ufungue ule mweupe.

Nyanya yako