Chupa Kumi za Jirani

Mama mshauri, salamu kutoka Makobola, nisaidie kwa maana nimefanya neno ambalo siwezi kumwambia hata padri wetu, kwa kuwa yeye mwenyewe alikula. Mwaka wa vita, waasi walipokaribia na watu wakaanza kukimbia, jirani yangu Célestine alikuwa ametoka tu kupika nyanya za shamba lake pamoja na vitunguu na pilipili, akazitia katika chupa kumi, akaziba kwa nta ya mshumaa, akazifukia kando ya tuta, akaniambia, “Dada, minye navuka na watoto kwenda Burundi, weye ukirudi mbele yangu uniangalilie, hii iko chakula yetu ya kurudia.” Nikamwapia.

Sisi tulijificha milimani, mimi, mume wangu Norbert na watoto, na baada ya miezi minane tukashuka tukakuta nyumba haina mlango na shamba limemezwa na majani, tukala sombe, majani ya muhogo, bila chumvi siku nyingi, hata siku Norbert alipopata ndagala kidogo, samaki wadogo wa ziwani, nikachukua jembe nikafukua chupa moja, moja tu nilijiambia, lakini mama, watoto walilamba sahani wakaanza kucheka, jambo ambalo walikuwa wamelisahau, basi kesho yake nikafukua nyingine, padri akapita kutusalimu naye nikampakulia, mpaka zikaisha, ila tatu zilikuwa zimechacha na moja ilinirukia usoni.

Mwezi uliopita nikasikia Célestine anarudi. Nyanya zangu zilikuwa zimeiva, nikapika kwa kukumbuka ladha, nikajaza chupa zile zile, na Jumapili watu wakiwa misani nikazifukia pale pale. Majuma mawili baadaye akafika, tukakumbatiana tukalia, akafukua, akaonja, akasema, “Ona, miaka miwili ndani ya udongo na haikuharibika hata moja. Mikono yangu iko na baraka.” Kisha akanipa chupa mbili, eti shukrani kwa kumlindia.

Sasa Alhamisi ijayo atafundisha wanawake wa parokia, hata wa Mutarule wanakuja, kwamba mchuzi ukipikwa hivyo unakaa miaka miwili, nao watafukia mavuno yao yote. Norbert anasema, “Nyamaza, kilicholiwa kimeliwa.” Nikisema nitampoteza rafiki, nikinyamaza watu wataumwa matumbo. Nifanye nini?

Honorine, Makobola, 1966

JIBU

Dada Honorine, pole kwa njaa ile. Kwa kula sikulaumu, maana Célestine mwenyewe angekuwa pale angekupakulia. Lakini njaa ilikutuma kufukua. Nani alikutuma kufukia? Hapo ndipo ulipokosa, tena ukapokea na shukrani bila kuona haya. Na Norbert mwambie aendelee na ndagala zake, ushauri atuachie.

Usingoje Alhamisi. Leo, ukimaliza kusoma, nenda kwake mchana, peke yako, bila zawadi, umwambie yote kabla hajakukaribisha kiti. Akikasirika, kaa. Usimwambie nusu: zile tatu zilizochacha ndizo anazozihitaji kuliko radhi yako. Tena mwambie jinsi ya kupika, kwa maana naona kwenu mnategemea baraka mno: mtie maji ya ndimu, msijaze chupa mpaka mdomoni, mkishaziba mzichemshe tena ndani ya sufuria, na mchuzi uliwe kabla ya mavuno mengine. Chupa inayofura au kutoa povu imwagwe shimoni. Hakuna kuonja.

Mama Agnès

Wasomaji, jibu hili nililituma kwanza kwa mkono wa dereva wa kamyo, na leo ninalichapa kwa ruhusa ya wote wawili. Honorine ananiandikia kwamba Célestine alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akafunga mlango, na siku mbili hakumsalimu hata kisimani. Alhamisi asubuhi akasimama uani kwa Honorine na kikapu cha nyanya kichwani.

“Vaa, tunachelewa,” akasema. “Minye nitafundisha kupika. Weye utafundisha zile tatu.”