Wenye Lori Walijua Kwanza

Mjukuu wangu Wanjirũ,

Mama yako ameniambia leo, tukitoka kanisani, kwamba chuo cha huko Uingereza kimekukubali usomee usalama wa mataifa. Amesema pia kwamba benki ya hapa Nyeri inakungoja uanze kazi. Sisi ni wazima, na ng'ombe amezaa. Jina lako, ambalo ni la marehemu cucu yako, mke wangu, halitajwi sana humu nyumbani siku hizi, kwa kuwa yeye hayupo nawe uko mbali.

Kupitia kwake unaniuliza mtu aliyesomea fedha kama wewe ana kazi gani na mambo ya vita.

Nilipokuwa mwandishi wa habari kijana, nilitumwa Sagana kuuliza kama njia ya kaskazini ni salama. Afisa mmoja alisema kumetulia, nikaandika hivyo. Mama Kamau, mfanyabiashara aliyeleta mchele kutoka Wang'uru ili aupeleke kaskazini, alinicheka.

"Ati kumetulia? Mbona wenye lori wanataka nauli mara mbili, tena kabla ya kupakia?"

"Mama, mimi naandika usalama, si bei."

"Haya, andika. Mchele wangu hauendi."

Siku tatu baadaye njia ilifungwa. Wafanyabiashara walioamini habari yangu walikuwa wameshaondoka na mizigo yao. Tangu hapo, nikishamsikiliza afisa, niliuliza pia nauli. Sijakutana na mtu aliyesomea yote mawili, usalama na fedha.

Ningependa urudi, kwa kuwa nyumba hii ni kubwa kwa mtu mmoja. Lakini hilo silo uliloniuliza. Chuo kinataka jibu kufikia mwisho wa mwezi. Waandikie kwamba utaingia. Jumamosi ya kwanza baada ya hapo, saa nne asubuhi, nitakuwa kwenye duka lenye simu. Nipigie unieleze masomo yanaanza lini.

Guka wako